Besi ya Mzee Elinihaki

Sogeeni, wenye masikio na wenye hukumu. Kesi yenyewe ina watoto watatu na kitabu kimoja.

Mzee Elinihaki alikuwa mwimba besi wa kwaya huko Usangi; akishusha sauti, mabenchi yaliitikia. Aliacha watoto watatu. Mbonea, kinyozi wa Same, alijaliwa mkono mwepesi wa kutoa. Naetwe, binti kitindamimba, alijaliwa kutunza. Hakutupa hata kifungo. Nakijwa, wa katikati, alijaliwa akili ya mitambo na ulimi ambao shangazi zake waliuita wembe.

Siku ya kuanua matanga viligawiwa vyote: koti, jembe, redio. Kikabaki kitabu cha nyimbo alichokiandika marehemu kwa mkono, do-re-mi zake kwa penseli. Mama yao, ambaye masikio yake yalikuwa yamefifia, alikikumbatia.

"Sauti ya baba yenu inanitoroka," alisema. "Naitafuta, siipati. Atakayenirudishia, kitabu ni chake."

Naetwe akatoa simu. Kwa miaka mitatu alikuwa ametunza rekodi ya mazoezi ya kwaya, aliyoichukua kwa siri kwa kuwa baba alichukia kurekodiwa. Wakaihamishia kwenye kompyuta ya mezani. Ikaimba kama mbu. Mama akainamisha sikio.

"Hawa ni wanawake. Mume wangu yuko wapi?"



Mbonea akashuka Same. Kinyozi asiye na muziki hana mteja, naye alilijua hilo. Hata hivyo akaing'oa sabufa ya kibandani kwake, lile sanduku la kuvumisha besi, pamoja na spika zake mbili ndogo, akapanda nayo mlima. Akaiweka juu ya kabati. Katika nyumba ile kitu cha thamani hukaa juu, kisha huvishwa kitambaa cha kufuma. Ikavishwa, ikawashwa, ikakoroma kidogo. Mama akatikisa kichwa.

"Mmeivisha shela kama bibi harusi!" Nakijwa akafoka. "Besi haikai kabatini. Ishusheni!"

"We binti," baba yao mdogo akamkatiza, "mambo ya waya waachie wanaume."

Nakijwa alikuwa ameshaingia chini ya meza. Akauchomoa waya wa sabufa uliokuwa kwenye tundu la maikrofoni, akauchomeka kwenye tundu la kijani, la kutolea sauti. Akalikalisha lile sanduku sakafuni, konani, akazungusha kitufe cha besi polepole. Kisha akavishika viganja vya mama, akaviweka juu ya sanduku.

Kwanza kilisikika kikohozi.

"Ndiye," mama akanong'ona.

Halafu besi ikaja. Mama akavua kandambili, akazikanyagisha nyayo zake sakafuni, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Wakairudia mara ya pili, na ya tatu. Walipotaka kuirudia tena, akawazuia.

"Amechoka. Mwacheni apumzike."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. "Bila sanduku langu mngesikia mbu," alisema Mbonea. "Na bila simu yangu," Naetwe akajibu, "sanduku lako lingevuma nini?"

"Apewe Mbonea," baba mdogo akakata. "Besi haiimbwi na mwanamke."

Oneni! Aliyetoka chini ya meza na utando wa buibui kichwani hakutajwa hata jina. Nakijwa alikuwa na hoja kumi, lakini akaanza kuupangusa ule utando. Alikumbuka alivyokuwa mdogo, baba akikiweka kiganja cha bintiye kifuani mwake mwenyewe: "Shika hapa, mwanangu, usikie nota inakokaa." Hakuwaambia.

"Si mtoe nakala tu!" jirani mmoja akasema.

"Nakala haina alama ya kidole chake," mama akajibu. Akafumba macho, akakinyoosha kitabu mbele yake. "Mwenye haki na achukue."

Watatu wakatazamana. Mkono wa mama ukaanza kutetemeka.

Unatetemeka hadi sasa, jamani, na kitabu ni kizito. Wewe uliyenisikiliza, ungempa nani?