Doa na Zimwi la Ukunguni

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, wa nyuma sijawasikia!

Pakawaaa!

Basi, alikuwako mkunga, jina lake Nakunda, na mbwa wake, Doa. Mdogo wake Nakunda alikuwa ameolewa ng'ambo ya mlima. Siku moja, alfajiri, shemeji yake akapiga hodi, anahema, mguu umeteguka.

"Shemeji, mdogo wako ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Jua likizama hujafika, tutawakosa wote wawili. Mimi mguu huu haunirudishi. Nenda!"

Nakunda akajifunga kibwebwe, akatoka na Doa.

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Wakaiacha migomba chini, wakaingia msitu wa miti yenye ndevu nyeupe. Ukungu ukashuka laini, hata nyayo zao hazikusikika. Ndege waliimba polepole, kana kwamba nao wanaota. Kando ya njia yalikuwako mawe yaliyokaa kama watu, mengine yameinamisha vichwa.

Mara akatokea bibi mmoja, mrefu kuliko miti. Lilikuwa zimwi, ila sauti yake tamu.

"Mwanangu, umechoka. Keti kidogo."

Nakunda akaanza kuchuchumaa. Doa akang'ata pindo la kanga, akamvuta. Wakaenda.

"Mwanangu, umechoka. Keti kidogo."

Doa akabweka sana. Wakaenda.

"Mwanangu, umechoka. Keti kidogo."

Doa akamuuma kisigino. Nakunda akapandwa na hasira, akampiga fimbo. "Niondokee!" Doa akalia, akatokomea ukunguni akichechemea.

Basi Nakunda akaketi. Lo, raha iliyoje! Akaota yuko kwao, mama yake anamsuka nywele. Baridi ikapanda kutoka vidoleni. Akatazama chini: miguu imekuwa jiwe!

"Lala, mwanangu," zimwi likanong'ona. "Wenzako wote hawa walilala."

Ajaribu kuinuka, wapi! Akamkumbuka mdogo wake, machozi yakamtoka.

"Doa! Doa! Doa wangu, nisamehe!"

Kisha akahisi pumzi ya moto miguuni. Doa alikuwa amerudi, anamlamba. Akalamba, akalamba, akalamba, na kila ulimi ulipopita, jiwe likawa ngozi. Zimwi likanguruma, likanyoosha mkono, lakini kwa mtu aliye macho mkono ule ulikuwa ukungu mtupu. Nakunda akambeba Doa begani, akateremka mbio.

Alipofika, jua lilikuwa limebaki ukingo tu.

"Dada, nilidhani huji."

"Nimekuja. Nishike, usiniachie."

Akamgeuza mtoto taratibu, taratibu. Akazaliwa msichana, akalia mpaka majirani wakapiga vigelegele.

Wenyeji wakamletea Nakunda bakuli la mchuzi wa nyama. Akaliweka chini mbele ya Doa, akachuchumaa kumngoja amalize.

Na mimi hadithi yangu naimalizia hapo, mlangoni pa mzazi. Wajukuu zangu, anayekupenda si lazima akubembeleze. Akikuzuia njiani, usimpige, msikilize kwanza.