Jini wa Kisima na Sharubati ya Malimau

Alitawala katika mji wa Rayhani, uliozungukwa na jangwa pande zote, sultani aliyeitwa Muntasir bin Ghalib, mtu wa insafu na haya, na katika zama zake ulishuka msimu wa joto ambao wakongwe hawakupata kuuona mfano wake. Maana jini mmoja, jina lake Samumi, alimeza kaa la moto katika ugomvi na nduguze, akalivuka jangwa mbio huku kifua kikimwaka, akakikalia kisima cha mji na kunywa pasi na kupumzika, na kila alivyozidi kunywa ndivyo kiu ilivyozidi kumkereketa.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Harith mchota maji, mchumba wa binti yatima aitwaye Tamima. Alimsalimu jini kwa adabu, na alipoanza kumwomba asogee, jini akampulizia pumzi moja, naye akageuka sanamu ya shaba, ndoo ikiwa begani. Kisha wakaja wengine kwa amri ya sultani, huyu na maziwa, huyu na asali, huyu na sharubati ya waridi kutoka jikoni mwa kasri, na wote wakabaki wamesimama kisimani, shaba tupu.

Tamima alilia hata machozi yakamkauka, na kila mchana akaenda kumfunika Harith uso kwa mkeka, kwa kuwa shaba hushika moto. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mlimau uliokuwa bado na matunda. Siku moja akayachuma yote, akatia kikapuni pamoja na sukari, chumvi, majani ya nanaa, bakuli na mtungi, akaenda kisimani, na sultani akimtazama kutoka roshanini.

"Umeniletea kinywaji gani, binadamu?" jini akauliza.

"Sikuleta kinywaji, ewe mkuu. Nimeleta malimau na sukari. Maji unayo wewe."

"Wenzako waliniletea vitu vilivyo tayari."

"Na bado una kiu."

Tamima akaketi, akakwangua maganda ya malimau, ule umanjano wa juu tu, kwani weupe wa chini una uchungu, akaufikicha na sukari kwa vidole, akafunika bakuli.

"Sasa tungoje," akasema.

"Tungoje nini?"

"Sukari itoe jasho na kunywa harufu ya ganda."

"Mimi naungua, nawe waniambia tungoje!" Jini akavuta pumzi, na Tamima akahisi nyusi zake zinaungua.

"Ukinipuliza nitakuwa shaba," akasema, "na shaba haikamui malimau."

Jini akaimeza ile pumzi. Wakangoja. Sukari ilipolowa, Tamima akakamua malimau, akachuja kokwa kwa kitambaa, akanyoosha mkono.

"Nipe maji."

Jini alikuwa hajampa mtu kitu tangu aje Rayhani, lakini akachota, akampa. Tamima akakoroga, akatia chumvi kidogo ili ukali utulie, akamimina mtungini, akauzungushia kitambaa kibichi na kuuweka kivulini, upepo uupoze. Mwisho akaponda nanaa kiganjani, akaitumbukiza.

"Polepole, bwana. Usigugumie."

Jini akanywa kidogo, akatulia, akanywa tena. Mvuke ukamtoka masikioni, kisha akakohoa na kulitema lile kaa, jeusi, limezimika.

"Taka utakalo."

"Hao watu, na kisima."

Akawapulizia pumzi ya ubaridi, na Harith akapepesa macho, akasema, "...kidogo tu, bwana, watu wachote." Tamima akacheka kwa mara ya kwanza tangu joto lianze. Jini akasogea.

Sultani Muntasir akashuka mwenyewe, akasema, "Ewe binti mwenye moyo thabiti, umeukomboa mji wangu, nami sioni tuzo ikufaayo ila kukuoa na kukuketisha ubavuni pangu."

"Maulana, Mungu akuzidishie heshima," Tamima akajibu, akiinama. "Mimi nina mchumba. Alikuwa shaba tu."

Sultani akaona haya, akamwozesha Harith kwa karamu iliyojaza viwanja vyote, akawapa shamba la malimau lenye mfereji wake, wakatajirika kwa sharubati, na misafara ikawa inaisifu Rayhani mpaka miji ya mbali. Samumi naye akawa anakuja kila kiangazi, akisimama nyuma ya wanunuzi wengine mpaka zamu yake ifike.

Na wewe uliyesikiliza, zingatia haya: jini alikuwa na maji yote ya Rayhani na hakuwa na cha kunywa, mpaka alipokubali kumpa mwenzake maji kidogo, na kungoja.