Pipa la Mama Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioamshwa usingizini. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Pakawa jabali, juu ya jabali pakawa pipa, na pipa lenyewe likawa linazunguka. Wewe unayetafuna muwa huko nyuma, sikio huku, na hayo maganda usitupe ovyo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kutembeleana, alikuwapo Pimbi mmoja, mama wa watoto wawili. Pimbi mnamjua. Mnyama mfupi, hana mkia, anaishi kwenye mapango ya mawe. Mama huyu aliishi juu ya jabali na binti yake Kidawa, na mdogo wake Kidawa, Makame. Baba yao alikuwapo, kisha hakuwapo. Aliteremka mbugani kutafuta majani, Tai akamwona kutoka juu, vuu! Akaenda naye.

Tangu siku ile Mama Pimbi akawa na jambo moja tu moyoni: wanawe wasikanyage mbuga ile. Lakini watoto wanakula. Na majani yako mbugani. Na mbuga ni tupu, haina hata kichaka cha kujifichia. Basi anashuka mwenyewe, roho mkononi. Anachuma huku anatazama juu. Anachuma, anatazama juu. Akifika nyumbani anawagawia wanawe. Kesho yake anashuka tena. Jamani, hayo ni maisha?

Mbele ya mlango wa pango lake palikuwa na kibonde ndani ya jiwe, chenye udongo kidogo. Mama Pimbi akawaza, nikipanda mchicha hapa, wanangu watakula mlangoni. Tai akija, wanaingia ndani. Akapanda. Mchicha ukaota wa njano, ukalala, ukafa. Akapanda tena. Ukaota wa njano, ukalala, ukafa.

Akaenda kwa Fundi Nungunungu, jirani yake wa chini ya jabali. Nungunungu akakwea jabali, akachota udongo, akaunusa, akauonja kwa ncha ya ulimi. Akamwambia udongo huu una njaa, shoga, unataka mboji. Mama Pimbi akaeleza kwamba alishajaribu kulundika maganda na masalia pale jiweni yaoze. Upepo ukachukua nusu, na Ngiri akaja akatifua nusu iliyobaki kwa pua yake. Nungunungu akacheka mpaka miiba ikalia. Akasema, basi tutayafungia ndani.

Watengeneza barabara walikuwa wameacha pipa kuukuu pembeni mwa njia. Nungunungu akalivingirisha, gudu-gudu, gudu-gudu, Ngiri akalisukuma kwa nyuma kwa kuwa alijua ana deni la kule kutifua kwake, mpaka likafika juu. Hapo ndipo fundi alipoonekana kuwa fundi. Akalitoboa matundu madogo kwa miiba yake, tobo hapa, tobo pale, ili lipumue. Akakata kilango ubavuni, kinafunguka, kinafungika. Akapenyeza mti mnyoofu, ukaingia upande huu, ukatokea upande ule. Akasimamisha panda mbili imara, akaulaza mti juu yake. Pipa likaning'inia. Ukiligusa kwa mkono mmoja tu, linazunguka. Mimi nimeona vitu vingi vya kupendeza, lakini pipa lile, acheni tu.

Kisha Nungunungu akamkalisha Mama Pimbi chini, akamwambia polepole ili asisahau.

"Ukiweka kibichi kiganja kimoja, weka kikavu viganja viwili. Lizungushe kila asubuhi. Na usilijaze. Likikosa nafasi ndani halipindui kitu, na lisipopindua, haliivishi kitu."

Kibichi ndiyo maganda ya ndizi, masalia ya mboga, na hayo maganda yako ya muwa, ndiyo, wewe huko nyuma. Kikavu ndiyo majani yaliyokauka na nyasi za mwaka jana. Mama Pimbi akaanza na kidogo. Kila asubuhi anatoka na wanawe, wanashika pipa, wanaimba:

Geuka pipa, geuka,
wa chini apande juu,
wa juu ashuke chini,
wote wapate hewa.

Gudu-gudu, gudu-gudu. Haya, niimbieni! Geuka pipa, geuka... Vizuri.

Asubuhi moja akafungua kilango, mvuke ukatoka, fuu. Akatia mkono, akautoa upesi, kuna moto! Wala hapakuwa na kuni wala jiko. Akamwita Bi Kanga, aliyekuwa akikaa na vifaranga wake ukingoni mwa mbuga. Bi Kanga akatia mguu mmoja, akautoa, akazunguka pipa akilitazama huku na huku. Akasema hajawahi kuona chungu kinachojipikia chenyewe. Habari zikaenea. Kila mnyama akapanda jabali kuja kulitazama pipa, na kila aliyekuja aliondoka akitikisa kichwa kwa kulistaajabia.

Yale machache yakaiva. Yakatoka meusi, laini, yananukia kama msitu baada ya mvua. Mama Pimbi akaweka sehemu kwenye pembe ya kibonde chake, akapanda mchicha kidogo, akaumwagilia maji mwenyewe. Mchicha ukaota wa kijani! Ukasimama! Mama Pimbi akalia kwa furaha mbele ya majani yale machache. Na kwa kuwa ni mama mwenye adabu zake, mboji iliyobaki akawagawia majirani, kila mmoja fungu lake kwenye jani la mgomba. Akaanza upya kulilisha pipa, safari hii mboji ya kutosha kibonde kizima, iive kabla mvua za vuli hazijaanguka. Mvua ikishaanguka ndipo pa kupanda. Ukichelewa, unangoja mwaka mwingine, na mwaka mwingine ni mbuga na Tai.

Sasa sikilizeni mambo ya ujirani. Mnajua desturi yetu. Jirani akikuletea kitu kwenye sahani, sahani huirudishi tupu. Utatia japo embe moja, japo kibumba cha unga. Majirani wa jabalini nao walikuwa na desturi hiyohiyo. Wamepewa mboji, watarudishaje mikono mitupu? Na mboji ilitoka kwenye pipa. Basi zawadi ikarudishwa kwenye pipa.

Bi Kanga akaja na ungo wa maganda. Mama Pimbi akasema asante, shoga yangu, akatia. Ngiri akaja na viazi vilivyooza. Asante, kaka yangu, akatia. Akaja Swala, akaja Kima, wote kwa tabasamu, wote wameshika kitu kibichi kinachochuruzika. Ataanzaje kukataa? Kumrudisha mtu na zawadi yake mkononi ni kumpiga kofi. Asante, akatia. Asanteni, akatia. Pipa likajaa mpaka kilango kikafungwa kwa kusukumwa na kiuno.

Asubuhi wakalishika. Geuka pipa, geuka... Gu. Likagoma. Wakasukuma wote watatu. Gu. Likagoma. Ndani vitu vimeshikamana kama ugali uliolala. Moto ukazimika. Maji meusi yakaanza kudondoka matunduni, ndo, ndo, ndo. Nzi wakaja. Harufu! Wale wale waliokuja kustaajabu sasa wakipita wanaziba pua, kisha wanatia ganda lao wanakwenda zao, maana adabu ni adabu.

Na mawingu ya vuli yakaanza kuonekana mbali. Na mchicha wa pembeni ukaisha. Na Mama Pimbi akachoka, akashuka mbugani na kurudi na majani haba, akashuka tena na kurudi na haba. Kidawa akamwona mama yake amekaa, hawezi kuinuka. Akateremka jabali peke yake.

Alikuwa katikati ya mbuga, mdomo umejaa majani, kivuli kilipompitia. Kidawa hakukiona. Aliyekiona ni Bi Kanga. Akapiga kelele kwa sauti ile ya kanga inayokwaruza hata mawe, kwekwekwe! kwekwekwe! Ngiri alikuwa karibu akichimba, akasimama, Kidawa akamkimbilia akajitupa chini ya tumbo lake. Vuu! Tai akapita, kucha zikaparuza mgongo wa Ngiri, akapaa bila kitu.

Wakampandisha mtoto nyumbani. Mama Pimbi akamkumbatia, hakumwachia. Jioni ile Bi Kanga akaja kutoa pole. Na kwa kuwa haji mtu kutoa pole mikono mitupu, alikuja na ungo umejaa maganda. Akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akashika kilango.

Mama Pimbi akasimama mbele yake. Mbele ya nani? Mbele ya aliyemwokolea mwana mchana uleule. Angeweza kunyamaza, ganda likaingia kama mengine. Hakunyamaza.

"Shoga yangu," akasema, "mwanangu anapumua kwa sababu yako, na mimi nikikulipa maisha yangu yote sitamaliza. Lakini pipa limeshiba. Ukiongeza hata ganda moja unaliua, na likifa, wanangu watarudi mbugani. Nakuomba usilifungue."

Bi Kanga akamtazama. Akatazama ungo wake. Akateremka jabali nao, bila kuaga. Mama Pimbi akakaa chini akalia, akasema nimempoteza rafiki.

Asubuhi akafungua kilango, akatoa nusu ya ule uchafu kwa mikono yake, akautandaza juani. Ananuka yeye, linanuka pipa, lanuka jabali zima. Akasikia miguu nyuma yake. Bi Kanga, na vifaranga wake wote. Hawakubeba maganda. Kila mmoja alikuwa na majani makavu mdomoni, makavu ya kuvunjika.

"Nilikasirika," Bi Kanga akasema. "Nikaenda kwa Fundi kukusema. Fundi akaniambia pipa halihitaji maganda, linahitaji makavu, na mikono ya kuzungusha. Sasa kwa nini hukuniambia tangu mwanzo, shoga? Mimi nilidhani nakusaidia."

Nyuma yake akaja Ngiri, mgongo umefungwa majani ya dawa, amebeba nyasi kavu. Akaja Swala, akaja Kima. Wakachanganya, wakarudisha ndani kiasi, wakaacha nafasi. Wakashika pipa wote. Haya, nanyi shikeni!

Geuka pipa, geuka,
wa chini apande juu...

Gu. Gu. Gudu. Gudu-gudu! Gudu-gudu-gudu-gudu! Lo, jabali lote likapiga vigelegele.

Kila asubuhi wakaja kulizungusha kwa zamu, na hakuna aliyetia kitu bila kuuliza. Moto ukarudi. Mvuke ukarudi. Harufu ikaondoka, ikaja ile ya msitu. Mvua za vuli zilipogonga jiwe, pipa lilikuwa limeiva. Wakamimina mboji nyeusi kibondeni, mpaka kikajaa. Wakapanda.

Mchicha ulitoka wa kijani mpaka macho yanauma. Ukatoka mnavu, zikatoka kunde. Makame akakaa mlangoni anatafuna, tumbo mbele. Tai akaja, akazunguka juu ya mbuga, hakuona pimbi. Akazunguka juu ya jabali, akawaona, akajitupa. Kidawa akamvuta mdogo wake, wakarudi nyuma hatua moja, wakawa ndani, bado wanatafuna. Tai akatua juu ya jiwe tupu. Akakaa kidogo, akapaa, akaenda zake na njaa yake.

Mama Pimbi akatoka nje. Akatazama shamba lake, akatazama wanawe. Kisha akajilaza juani mbele ya mlango, na mama yule, ambaye tangu afiwe na mumewe hakuwahi kufumba macho kabla ya usiku kuingia, akapitiwa na usingizi mchana kweupe.

Funzo lake ndilo hili, na nalisema waziwazi ili asije mtu kuniuliza kesho. Ukishiba, sema umeshiba, hata kwa unayempenda. Na wewe unayetaka kumsaidia jirani, muulize kwanza amepungukiwa na nini.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, imeingia kulala. Nanyi kalaleni.