Siku Kakakuona Aliporudi Bondeni

Paukwa.

Pakawa.

Mmejibu kwa sauti ndogo. Aliyekuwa akijibu kwa sauti kubwa hapa nyumbani ametangulia, Mungu amrehemu, kwa hiyo sasa kazi hiyo ni yenu. Watoto jibuni, na wakubwa msione haya. Paukwa.

Pakawa.

Hapo sawa. Basi tulieni. Mimi husema polepole, na hadithi yenyewe haina haraka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana, palikuwa na Bonde na palikuwa na Mlima. Katikati ulipita mto. Wa Bondeni Mungu aliwapa maji. Wa Mlimani aliwapa upepo. Na wote aliwapa mchezo mmoja wa kuwakutanisha, mpira wa magongo.

Mpira wenyewe ulikuwa tunda la mkoma, ule mti wa porini wa jamii ya mnazi, la mviringo, gumu kama jiwe. Kila kiangazi bwawa la Bondeni lilikauka, udongo ukabaki tambarare na mgumu, nao wakacheza hapo. Kila mchezaji alishika gongo lililopinda mwishoni. Unalipiga tunda, linateleza, ti-ti-ti-ti, mpaka kwa wenzako. Likipita kati ya miti miwili, ni bao. Kusema ni rahisi. Kufanya ni kazi, maana kwenye lango la Bonde alikaa Kakakuona.

Kakakuona mnamjua. Mwili mzima magamba, kama nyumba ya vigae. Mpira ukija, anajikunja. Ta. Umegonga, umeanguka. Unakuja tena. Ta. Umeanguka. Wa Mlimani walipiga mpaka mikono ikafa ganzi, wakarudi kwao wanalalamika kwamba Bonde limejenga ukuta langoni.

Sasa, Bondeni kulikuwa na desturi. Mlinda lango akizuia mpira mgumu, Mama Kanga alisimama, akanyoosha shingo yake ya buluu, akaanza.

Nani yuko langoni?

Na Bonde zima likaitikia.

Yupo, yupo, hapiti mtu.

Nanyi itikieni. Nani yuko langoni?

Yupo, yupo, hapiti mtu.

Vizuri. Ukiimbiwa wimbo huo ni lazima uujibu kwa mwili wako, pale pale, mbele ya watu. Ukikaa kimya, umewadharau wenzako. Kakakuona alikuwa akitikisa magamba, cha-cha-cha, na watoto wakaanguka kwa kicheko. Wimbo ulikuwa wa Mama Kanga kuuanzisha. Mwingine akiuanza, hakuna anayeitikia.

Mwaka mmoja mvua ilipita kiasi. Mto ukafurika, ukaingia kila mahali, kisha ukarudi kitandani kwake. Maji yalipoondoka, Kakakuona naye akaondoka. Akavuka, akaenda Mlimani, na kiangazi kilipofika habari zikaja kwamba analinda lango la huko.

Bonde likaumia. Kima, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akazunguka mti kwa mti akisema jamaa amenunuliwa kwa upepo. Wengine walisema wasimtaje tena. Wengine walimtaja kila siku. Mama Kanga akafunga mdomo, na wimbo akaufungia humo humo.

Langoni akawekwa Ngiri, na kwa kuwa wa Mlimani hawakushuka, Bonde wakacheza wao kwa wao.

Ngiri alikuwa na namna yake. Mnajua anavyoingia nyumbani kwake, kinyumenyume, mkia kwanza, uso na pembe nje. Basi na langoni aliingia hivyo hivyo, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akalijaza. Watu wakacheka. Kima akasema anarudi nyuma kama aliyekutana na mama mkwe wake njiani. Lakini mpira ulipokuja, Ngiri aliudaka kwa pembe. Ko. Ukaanguka. Mwingine. Ko. Ukaanguka.

Kimya.

Kila akizuia, Ngiri alimtazama Mama Kanga. Mama Kanga alitazama pembeni. Kiangazi kikaisha, kingine kikaja, Ngiri hajaimbiwa hata mara moja. Na mkewe alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Nyuma ya nyumba, akidhani yuko peke yake, Ngiri alikuwa akifanya mazoezi ya kujibu wimbo. Alikuwa anainua mkia juu, wima, kisha anazunguka taratibu kama bwana harusi. Mkewe alimwona, akarudi ndani bila kumwambia. Huyo alikuwa mke mwema.

Sasa ikaja habari kwamba wa Mlimani wanashuka tena kucheza, na Kakakuona yumo.

Bonde likagawanyika. Katika nyumba moja mke alisema azomewe, mume akasema apigiwe vigelegele. Kesho yake mume akataka azomewe, na mke akawa anafuta machozi. Kima aliapa kwamba atamzomea mpaka magamba yadondoke. Wakamwendea Mama Kanga kumuuliza yeye atafanya nini. Akajibu kwamba koo linamuuma, akaingia vichakani na wanawe.

Siku ikafika. Watu wakajaa pande zote za bwawa. Korongo, mwamuzi, akasimama katikati kwa mguu mmoja. Wa Mlimani wakashuka, mbele Mbuzi Mawe, mfungaji wao, anatembea kwa ncha za kwato. Nyuma ya wote akaja Kakakuona. Mwendo ule ule, pole, mikono kifuani kama mtu anayetoka kuomba.

Bonde likatoa sauti ambayo si ya kuzomea wala si ya kushangilia. Ilikuwa zote mbili, kama sufuria mbili zimegongana. Kima alipanda tawi la mbele, akazomea kweli kweli. Kisha akagundua kwamba mdomo unazomea na mkono wake mwenyewe unapunga. Akaukalia mkono.

Korongo akagonga mdomo wake, ka-ka-ka. Mchezo ukaanza.

Mbuzi Mawe akapita wa kwanza, akapita wa pili, akapiga. Ngiri akautoa mpira kwa pembe. Ko. Ulikuwa mpira mkali, hata wa Mlimani walishika vichwa. Ngiri akainua macho kumtazama Mama Kanga. Mama Kanga alikuwa anaangalia lango la upande wa pili.

Mpira ukarudishwa mbele. Ukamfikia Swala, kijana wa Bonde mwenye mbio, naye akaupiga kwa nguvu zote alizopewa na Mola. Kakakuona akajikunja.

Ta.

Umegonga. Umeanguka.

Na hapo, jamani, mazoea yakashika. Mama Kanga akajikuta amesimama. Shingo imenyooka. Mdomo umefunguka wenyewe.

Nani yuko langoni?

Na Bonde zima, wakubwa kwa watoto, likaitikia bila kufikiri.

Yupo, yupo, hapiti mtu.

Swala alibaki katikati ya uwanja, gongo mkononi, anawatazama ndugu zake wanaoshangilia kwamba yeye amekosa bao.

Lakini yaliyotokea upande wa huku ni makubwa zaidi. Ngiri aliusikia wimbo. Alikuwa amezuia mpira mkali sasa hivi tu. Akadhani wimbo wake umechelewa, lakini umekuja. Akatoka langoni. Akasimama mbele ya watu wote, akainua mkia wima, akaanza kuzunguka taratibu, macho ameyafumba kwa furaha.

Mbuzi Mawe alikuwa ameupata mpira. Hakuwa na desturi za Bonde. Akapiga. Ti-ti-ti-ti. Mpira ukapita chini ya mkia ule, ukaingia.

Bao.

Wa Mlimani wakacheka mpaka wakakaa chini. Ngiri akafumbua macho. Akaona watu wote wa Bonde wamegeukia lango la mbali. Akaelewa. Mkia ukashuka kidogo kidogo. Akaliweka gongo lake chini, akalilaza vizuri kama mtu anayelaza mtoto, akatoka uwanjani.

Sheria ya Korongo ilikuwa moja. Lango lisilo na mlinzi ni lango la walioshindwa. Akawaambia Bonde atasubiri kidogo, kidogo tu, kwa sababu ameshabadilisha mguu.

Mama Kanga akatimua mbio. Akamkuta Ngiri kwenye ukingo wa bwawa, uso ameuelekeza kwenye nyasi.

"Mama Kanga," Ngiri akasema bila kugeuka, "ule wimbo ulikuwa wa nani?"

Mama Kanga angeweza kudanganya. Lakini alikuwa anamcha Mungu.

"Ulikuwa wake," akasema.

"Basi mtafuteni mwenye magamba. Mimi sina. Nimewakalia lango lenu viangazi viwili, nimepigwa mpira usoni, na hata siku moja hamkuniuliza kama nimeumia. Naenda kwangu."

Mama Kanga akakaa chini, manyoya yake ya madoa yakasambaa vumbini. "Nisikilize, Bwana Ngiri. Haikuwa dharau. Nilidhani siku nitakayokuimbia wewe, ndiyo siku nitakuwa nimemsahau yeye. Nikaogopa. Nikauatamia ule wimbo kama yai bovu, silali na siamki."

Kabla Ngiri hajajibu, wakasikia hatua za pole nyuma yao. Kakakuona amevuka uwanja mzima, na kwa mwendo wake ule Korongo alikuwa amebadilisha mguu tena.

Kakakuona akawasalimu. Akawaeleza kile ambacho hakuna aliyewahi kumuuliza. Chakula chake ni mchwa. Mafuriko yale yalizamisha kila kichuguu cha Bonde, na yeye akalala njaa mpaka akaanza kuona vivuli. Akavuka kwenda kula, asife. Hakuaga kwa sababu alijua akiwaaga atashindwa kuondoka.

"Kule Mlimani," akasema, "kilichoniuma ni kwamba lango limebaki wazi. Siku niliyosikia limepata mtu, nilimshukuru Mungu nikalala. Mama Kanga, mimi uliniimbia nikashiba. Leo umenipakulia sahani ya mwenzangu. Siwezi kuila, ndiyo maana sikujibu."

Kisha akamgeukia Ngiri. "Rudi, ndugu yangu. Nimeshuka kucheza na watu. Kushinda lango tupu ni kama kupigana na shati kwenye kamba."

Ngiri akapiga chafya ya vumbi. Mama Kanga hakumvuta wala hakumsukuma. Alimwambia tu, "Nisamehe." Na Ngiri akageuka, akatembea mpaka lilipo gongo lake, akaliokota. Akaingia langoni kinyumenyume, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka akalijaza. Hakuna aliyecheka. Kima alifungua mdomo, mkewe akamfinya.

Ka-ka-ka. Mchezo ukaendelea.

Mbuzi Mawe alikuwa bado ana kicheko. Akaja mbio, akaupiga mpira ukaruka juu, unavuma, vuuu. Ngiri akaruka na mwili wake wote mzito. Ko. Mpira ukaanguka mbele yake, naye akaanguka juu ya mpira, pu.

Mama Kanga akasimama. Sauti ilikataa mwanzoni, ikatoka kama mlango mkavu. Akameza mate, akaanza upya.

Nani yuko langoni?

Itikieni jamani, msimwache peke yake.

Yupo, yupo, hapiti mtu.

Bonde likatetemeka. Hata Swala aliitikia huku anakimbia. Na Ngiri alisimama na vumbi lake. Safari hii hakufumba macho. Kwanza aliupeleka mpira kwa Swala, ti-ti-ti-ti, mbali. Ndipo akainua mkia wima, akazunguka mara moja kama bwana harusi. Watoto walianguka kwa kicheko. Mkewe alilia.

Swala alipata mpira, akapita kushoto, akapita kulia, akafika kwa Kakakuona. Kakakuona akajikunja. Swala hakupiga kwa nguvu. Alisubiri. Kakakuona akainua kichwa kidogo kuchungulia, mpira ukapita polepole pembeni ya pua yake.

Bao.

Bonde likaruka juu. Kisha, wakiwa bado hewani, wakakumbuka aliyefungwa ni nani, wakatua wakiwa kimya. Walikuwa na furaha, na walikuwa wanaona aibu kwa furaha hiyo. Kakakuona akajikunjua. Akamtazama Swala, akaanza kucheka, tumbo lake laini linacheza. Basi na wao wakapata ruhusa. Wakashangilia mpaka Korongo akafunga mchezo, bao kwa bao.

Jioni wa Mlimani hawakuachwa waondoke na njaa. Vichuguu vya Bonde vilikuwa vimeanza kuota tena. Kima mwenyewe ndiye aliyekwenda kuchimba, akarudi na mchwa kwenye jani, wengine wamemwuma vidole, anawalaumu njia nzima. Akaliweka jani mbele ya Kakakuona akisema wasifikiri amemsamehe. Kakakuona akala mpaka jani likang'aa. Kisha akaenda mtoni na wenzake wapya. Bonde zima lilimsindikiza, Mama Kanga mbele, na Ngiri ndiye aliyempa bega wakati wa kuvuka maji ya mwanzo.

Watoto wangu, na ninyi wakubwa, somo lake ni hili. Aliyeondoka mpendeni, mtajeni kwa wema, mwombeeni kwa Mola. Lakini aliye mbele yenu leo, mpeni haki yake leo, wala msimpime kwa magamba ya mwenzake. Mungu hakuumba moyo wenye chumba kimoja.

Hapa ndipo hadithi yangu imetua mzigo. Nendeni mkalale kwa amani, na mkifika salimieni mtakaowakuta nyumbani.