Mtungi wa Bi Mwamvua

Jipya juu ya bovu, bovu huzidi. Mmeisikia hapo gengeni ikirushwa kama kokwa la embe, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, na anayetaka kicheko atafute hadithi nyingine.

Kondoa ya zamani hizo ilikuwa na Bi Mwamvua, mjane aliyependa watu kuliko usingizi. Barazani kwake ndiko habari zote zilikofumuliwa na kusukwa upya, nani kaposwa, nani kaachwa. Kilichowagandisha wasengenyaji pale mpaka adhuhuri kilikuwa chai yake ya matunda. Alichemsha majani ya chai na maganda ya nanasi na tangawizi, akaikamulia ukwaju na machungwa, akaihifadhi ipoe kwenye mtungi mkubwa kivulini. Ukitoka juani ukapewa kata moja, unasahau ulikokuwa unakwenda.

Mtungi ule haukukauka, na haukuoshwa. Bi Mwamvua alikulia nyumba ya wafugaji wa ng'ombe, ambako kibuyu cha mtindi huachiwa mbegu chini ili maziwa mapya yagande. Basi na chai yake aliiachia mbegu, akamimina mpya juu.

Siku moja jirani yake, Kidawa, aliona povu. "Shoga, ukwaju si maziwa. Hii imechacha."

"Imechacha, au imekuchachia roho wewe usiyepata wageni?"

Baraza likaangua kicheko. Kidawa akajifunga kanga, akaenda zake.

Mwaka huo Bi Mwamvua akamwoza Mwanne, bintiye wa pekee. Joto lilikuwa kali, nyumba ikafurika mpaka uani. Kila mkono ulichovya kata mtungini. Chai ikipungua, mama anachemsha nyingine, anamimina. Mwanne, mwari wa watu, kakaa ndani kwa haya zake, chakula hakipiti. Chai tu. "Mama, niletee tena."

Kesho yake matumbo yakaanza. Wageni wenye nguvu waliharisha, wakapona. Mwanne, aliyekunywa tumbo tupu, hakuweza hata kusimama.

Akaitwa mganga wa zahanati. "Kala nini huyu? Kanywa nini?"

Bi Mwamvua akatazama mlangoni. Wanawake walikuwa wamesongamana, masikio wima. Ikijulikana ni chai, nani atakanyaga tena baraza lake?

"Nyama," akasema. "Mpishi wa arusi katuletea nyama iliyolala."

Mganga akaagiza maji yaliyochemshwa, yatiwe sukari na chumvi, kingine asipewe. Kabla hajafika njia panda, jina la mpishi lilikuwa lishachafuka mji mzima.

Maji matupu, kwa mwanangu? alijiuliza Bi Mwamvua. Maji yatampa nguvu gani? Akachemsha chai mpya, safi kuliko zote alizowahi kupika, akatia sukari na chumvi kama alivyoagizwa. Akamnywesha bintiye, kata baada ya kata. Kufika alasiri, macho ya Mwanne yalikuwa yamezama.

Kidawa akapiga hodi, akaingia bila kungoja karibu.

"Unampa nini?"

"Chai. Nimechemsha leo leo, kwa mikono yangu."

"Umeipoozea wapi?"

Bi Mwamvua akageuza macho kuelekea kivulini, ulipo mtungi.

"Mwamvua, mwenzangu, nakuuliza. Umeipoozea wapi?"

Kata ikamtoka mkononi. "Kimbia kwa mganga. Mwambie si nyama."

Kidawa alikimbia, na mganga alikuja, lakini Mwanne hakuwangoja. Alizikwa na hina ya arusi ingali nyekundu viganjani.

Matangani nyumba ilijaa pomoni, kama Bi Mwamvua alivyopenda siku zote. Ila kila mtu alikuja na maji yake, maana minong'ono juu ya mtungi ilikuwa imeshaanza. Kidawa akachemsha chai kwake, akaileta na sufuria. Shangazi mmoja wa marehemu, asiyejua lolote, akauvuta ule mtungi ili chai ipoozewe humo, huku akimliwaza mfiwa.

"Jikaze, wifi. Yule mpishi naye Mungu atamlipa."

Bi Mwamvua akainuka mkekani, akaufunika mdomo wa mtungi kwa kiganja.

"Usimimine, wifi. Na mpishi mwacheni, hakufanya kitu. Ni mimi. Nimemimina jipya juu ya bovu, bovu likazidi, likamla mwanangu. Kisha nikamimina uongo juu yake, ukazidi nao."

Wanawake wakaanza kutafuta kandambili zao, mmoja mmoja. Kidawa peke yake ndiye aliyebaki, akashika ukingo mmoja wa mtungi, Mwamvua akashika wa pili, wakautoa nje.

Tangu hapo, mji huu ukimwona mtu anaficha kosa kwa kosa, haumtukani wala haumwimbii. Anaambiwa neno moja tu, polepole, kama linavyosemwa msibani: jipya juu ya bovu, bovu huzidi.