Ngiri na Kigoda Juu ya Shanta

Ajazaye shanta lake, watazamaji wasifu,
Mlima na mawe yake, haujali utukufu.

Paukwa! Mbona walioketi nyuma hawaitiki? Paukwa! Pakawa! Sasa ndiyo.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walimchagua mkuu wao kwa miguu, si kwa mdomo. Autakaye ukuu hubeba masurufu yake, hupanda Mlima Ngurunga. Afikaye kileleni mbele ya wazee amesimama, mzigo mgongoni, ndiye mkuu. Atuaye mzigo njiani hajaribu tena maishani.

Mwaka huo walijitokeza wawili: Ngiri na Bibi Nungunungu. Ngiri aliutamani ukuu tangu pembe zake hazijapinda.

Alipakia uwanjani, mbele ya wote. Koti la mvua akalizika chini kabisa, kwa kuwa lilikuwa na viraka. Juu yake, manyoya ya mbuni. Juu kabisa, kigoda cha mninga, kizito, cha kukalia akishatawazwa. Ubavuni akaning'iniza masufuria matatu. Kang'ang'a! Kang'ang'a!

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, "kigoda kiweke kati, kiguse mgongo."

"Huko kati nani atakiona? Mama watoto, siasa huijui!"

Nungunungu alipakia, akapakua, akapakia tena. Blanketi akalilaza upande wa mgongo, miiba isitoboe shanta. Vizito vikalifuata. Koti la mvua akaliweka juu, karibu na mkono.

"Dada, unafunga safari au unatandika kitanda?" Ngiri akamcheka.

"Natandika, kaka. Miiba ni yangu, shanta nimeazima."

Wakapanda. Tipu, tipu, tipu, Nungunungu. Kang'ang'a, kang'ang'a, Ngiri. Mvua ikashuka, chwaaa! Nungunungu akavuta koti, akavaa. Ngiri akalikumbuka lake, chini ya manyoya, chini ya kigoda. Kupakua? Na bondeni wanatazama? Akalowa. Akatabasamu huku akitetemeka.

Karibu na kilele akaona nyasi mbichi. Njaa ilimkata tumbo. Na Ngiri, mnajua, hali bila kupiga magoti. Akatazama huku, akatazama huko. Goti la kwanza. Goti la pili. Kigoda kikamvuka kisogo. Pu! Pua matopeni, miguu hewani, shanta likamchomoka. Biringi, biringi, biringi! Masufuria yakatangulia kutoa habari bondeni.

"Kaka! Umeumia?" Nungunungu akaita kutoka nyuma.

"Sijaumia! Nakagua njia!"

"Nije nikuinue?"

Ngiri akatema tope. Ukuu wake wa maisha ulikuwa ukiteremka mlima peke yake, na alikuwa akiusikia.

"Pita, dada," akasema taratibu. "Pita tu."

Basi wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: mzigo upakiwe kwa ajili ya njia, usipakiwe kwa ajili ya macho ya watu. Nami hadithi yangu naitua papa hapa. Kileleni, mbele ya wazee, aliyekuwa amesimama ni Nungunungu.