Kwa Nini Nyota Hukaa Chini Kabisa kwenye Ubao wa Seva

Siku hizi ukifungua faili la seva yoyote ya tovuti iliyoandikwa na mtu mwenye akili zake, utakuta anwani zimepangwa kwa utaratibu. Zile zinazotaka jambo moja mahususi ziko juu, na ile yenye alama ya nyota, inayopokea chochote kile, iko chini kabisa, peke yake. Ninyi mnaojifunza kazi hii mnadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Haikuwa hivyo hata kidogo, na msinikatize mpaka nimalize.

Wakati ninaousema mimi, seva ilikuwa mji wenye lango moja. Maombi yalikuwa wajumbe wanaokuja kwa miguu, kila mmoja na anwani yake mkononi, maneno yake yametenganishwa kwa mikwaju, yaani vile vistari vya mshazari. Ndani ya mji waliishi wahudumu, kila mhudumu na nyumba yake na kazi yake: huyu ratiba za mabasi, yule matokeo ya mitihani. Langoni palikuwa na ubao, na kwenye ubao kila mhudumu ameandikiwa ruwaza yake, yaani sura ya anwani anazozipokea yeye. Mlinzi wa lango aliitwa Kombo. Alikuwa akichukua anwani ya mjumbe, anaanza kusoma ubao kutoka juu, na ruwaza ya kwanza inayooana na anwani ile, basi, hapo hapo anamwelekeza mjumbe kwenye nyumba hiyo. Hasomi zaidi. Si kwamba alikuwa mvivu, ndivyo alivyoapishwa.

Sasa kosa la watu wa mji ule lilikuwa adabu. Ubao waliupanga kama wanavyopanga watu kwenye jamvi la karamu, mkubwa kwanza na mdogo baadaye. Mkubwa wa wote alikuwa Mzee Shebe, aliyejenga nyumba ya kwanza pale wakati hakuna mtu mwingine. Enzi hizo wajumbe wote walikuwa wake, ndiyo maana ruwaza yake ilikuwa alama moja tu, nyota, maana yake chochote kile. Watu walipoongezeka, nani angethubutu kumwandika mzee chini ya wajukuu zake? Wakamweka juu kabisa na kumremba kwa rangi.

Kilichofuata mnakijua. Kombo akipokea anwani, anasoma mstari wa kwanza, anakuta nyota, na nyota haikatai kitu. "Kwa Mzee Shebe, moja kwa moja." Mzee naye alikuwa mkarimu kweli, hilo sitamnyima. Anamimina kahawa, anasema, karibu sana mjini kwetu, jisikie uko nyumbani. Aliyeuliza basi linaondoka saa ngapi, karibu sana. Aliyeuliza kama mwanawe kafaulu, karibu sana. Wajumbe wakawa wanarudi walikotoka na salamu, na waliowatuma wakazoea.

Mstari wa mwisho wa ubao ulikuwa wa Bi Mize, mdogo kuliko wahudumu wote. Ruwaza yake ilikuwa zahanati, mkwaju, dozi, mkwaju, halafu pengo. Pengo lile ni la uzito wa mtoto. Muuguzi anaandika humo namba ya kilo, tisa au kumi na nne, na Bi Mize anaichukua ile namba, anapiga hesabu, anajibu dawa iwe kiasi gani. Kazi hiyo aliijua sawasawa. Lakini tangu ajenge, hakuna mjumbe hata mmoja aliyepiga hodi kwake. Kila asubuhi alifagia ua, akakaa barazani kungoja.

Ndipo wazee wa mji wakapita kukagua nyumba. Nyumba isiyotembelewa inakula nafasi bure, wakasema, ivunjwe. Ya Bi Mize ilipewa hadi Ijumaa. Mzee Shebe akamwita kwake, akamwambia kwa upole, "Usihuzunike, mjukuu wangu. Hamia hapa kwangu, unisaidie kumimina kahawa. Wageni ni wengi mno."

"Nashukuru, babu," akajibu Bi Mize. "Lakini mimi nina kazi yangu."

"Kazi gani, mama, ikiwa hakuna anayeiuliza?"

Neno lile lilimchoma. Alirudi nyumbani, akaketi, akajiuliza kama ni kweli. Yawezekana mtu akajua jambo ambalo dunia nzima hailitaki? Kungoja alikuwa amechoka. Alhamisi asubuhi akajifunika buibui, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka ukuta hadi nje ya lango, akaingia kwenye foleni ya wajumbe. Mkononi alikuwa na anwani aliyoiandika mwenyewe, ya nyumba yake mwenyewe, na kwenye pengo ameweka tisa. Alitaka kuona itamfikisha wapi.

Mbele yake alisimama mjumbe mmoja mwanamke, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Bi Mize akachungulia anwani yake. Zahanati, mkwaju, dozi, mkwaju, kumi na nne.

"Unatoka mbali, dada?" akamuuliza.

"Mbali sana. Hii ni mara ya nne wiki hii. Muuguzi ananituma, narudi na salamu, ananituma tena. Mtoto homa haishuki, na yule muuguzi anaogopa kukisia dawa."

Bi Mize akaikunja anwani yake kiganjani. Hasira ilimpanda mpaka macho yakamwuma. Siku zote hizo watu walikuwa wanamwuliza, na yeye yupo, hatua sabini kutoka langoni, ameshika ufagio.

Zamu yake ilipofika, akatoa salamu, na Kombo alimtambua kwa sauti lakini akashika kazi yake. Akasoma mstari wa kwanza. "Kwa Mzee Shebe."

"Mstari wa mwisho unasemaje, Kombo?"

"Sijui, dada. Nikishapata, naacha kusoma."

Barazani kwa Mzee Shebe wazee walikuwa wamekaa. Yule mjumbe alikuwa ameshapewa kikombe, naye anakitazama tu. Bi Mize akafunua uso mbele ya watu wote. "Shikamoo, babu. Huyu hakufuata kahawa. Hebu mwambie, mtoto wa kilo kumi na nne apewe dawa kiasi gani."

Mzee akafungua kinywa, akasema, "Karibu sana," kwa mazoea. Hakuwa na neno lingine. Bi Mize akamgeukia mjumbe, akampa jibu lake, akalirudia mara mbili ili asisahau, na yule mwanamke akaondoka mbio, kikombe kimebaki kimejaa.

"Umemvunjia mzee heshima," akasema mmoja wa wazee. "Umwombe radhi sasa hivi, na nyumba yako tutaiacha."

"Siombi," akasema Bi Mize. "Nyumba yangu haitaachwa kwa kuwa nimepiga magoti. Itaachwa kwa kuwa ina kazi."

Akaondoka moja kwa moja hadi langoni, bila ruhusa ya mtu, akaufuta ubao na kuuandika upya. Wenye jambo moja mahususi akawaweka juu. Nyota akaichora chini kabisa. Wazee wakamfuata wakipiga kelele kwamba anamtupa mkubwa chini ya miguu ya watoto. "Namweka pale ambapo hatamzuia mtu njia," akajibu, na chaki haikusimama. Wakamgeukia Kombo wamwamuru akatae. Kombo akajikuna kichwa. "Kiapo changu ni kusoma kuanzia juu," akasema. "Hakikusema juu akae nani."

Kufikia adhuhuri hodi zilikuwa zinasikika mji mzima, milango mingine ilikuwa imeshika kutu. Mzee Shebe akaja kusimama langoni, uchungu umemjaa. "Na mimi nimpokee nani sasa?"

"Wasio na nyumba ya kwenda, babu. Nao ni wengi. Ila usiwadanganye kwa kahawa. Waambie walichokifuata hapa hakipo."

Mzee alirudi kwake akinung'unika. Lakini alijifunza kulisema hilo neno, na hadi leo ukikosea anwani ni yeye anayekujibu kwa ile namba mnayoiona kwenye skrini, mia nne na nne, hakipo. Ijumaa wavunjaji walikuja na nyundo zao, wakakuta foleni imefika barabarani, wakaambiwa wapange mstari kama wengine. Radhi Bi Mize hakuomba, si siku ile wala baadaye.

Tangu Ijumaa hiyo, kila anayejua kazi yake huiandika nyota mwisho. Nanyi mkiiweka juu, kwa uvivu au kwa heshima, seva haitalalamika wala haitawaonyesha kosa. Itamkaribisha kila mtu vizuri sana, na mahali fulani muuguzi atakuwa anamtuma mjumbe mara ya tano.